Makoti ya Feruzi

Asubuhi ya Ijumaa, waasi wakiwa na siku tatu tangu wauteke mji, Hadidja alifagia baraza lake mtaani Kabondo kama kawaida, akakaa kwenye mkeka, akashika wembe na koti. Koti lilikuwa la Mbelgiji mmoja mnene aliyeondoka kwa ndege mwaka wa uhuru, akaacha kabati zima. Tangu mwaka ule watu wa Kisangani walikuwa wakileta makoti ya namna hiyo kwa fundi Feruzi, mume wake, ayageuze: kitambaa cha ndani kiwe nje, mabega yapunguzwe, vifungo vihame upande. Feruzi alishona. Hadidja ndiye aliyefumua. Koti moja hula nusu ya siku, ukiwa na haraka unachana kitambaa, na sijasikia mtu akisifiwa kwa kufumua.

Alipoinua macho, mbegu za mumewe zilikuwa zimesimama kando ya ukuta.

Zilikuwa kama mia mbili, hazifiki urefu wa punje ya mchele, kila moja imevaa koti lililofungwa vifungo mpaka shingoni, mkia umekunjwa ndani. Hadidja alizitambua mara moja, kwa sababu zilikuwa na kichwa cha Feruzi, kirefu kidogo kwa nyuma. Akaweka wembe chini.

« Mama, bonjour, » ilisema iliyokuwa mbele.

« Bonjour. Muko munafanya nini huku inje? »

« Tumechoka kungojea. Tuko kwako toka jana. Makoti inakataa kutoka. »

Hadidja akasogea karibu. Alikuwa na miaka sita katika ndoa ile bila mtoto, na Jumapili ukoo wa Feruzi ungekaa kikao cha kumrudisha kwa baba yake huko Isangi, chini ya mto. Kwa hiyo hakuwa na muda wa kushangaa. Alitaka kujua.

Mbegu ikamweleza bila papara. Hakuna mbegu inayotoka kwa baba ikiwa tayari, ilisema, hata kama baba ni chifu. Inatumwa na koti lake ili isimalize nguvu njiani. Ni ndani ya mwanamke ndiko koti linakovuliwa, polepole, kwa saa nyingi. Likishatoka, mkia unabadilika: unaacha kupunga tu, unaanza kuchapa, kama kasia la mvuvi wa Wagenia anapokata maporomoko kwenda kwenye mitego yake. Hapo mbegu inaweza kufika kwenye yai, kufungua kofia ya kichwani mwake na kutoboa ukuta wa yai. Nguvu ile haidumu, na yai nalo halingoji: siku moja, basi. Mbegu yenye koti inalizunguka yai mpaka siku inaisha.

« Kwako kazi iko muzuri, Mama, » ilimalizia. « Kila kitu iko. Shida iko mu ile koti. Angalia weye mwenyewe, weye iko fundi. »

Aliangalia. Akaigeuza mbegu, akainua ukosi kwa ncha ya sindano, akatafuta mahali uzi unapoanzia. Uzi ulikuwa umepitishwa mara tatu na kurudishwa, na fundo limezikwa ndani ya kitambaa. Aliujua mshono huo. Ulikuwa mshono wa nyumba ya kina Feruzi, wa tangu babu yao, na mji mzima uliusifu: koti la Feruzi linaoza lenyewe kabla mshono haujaachia.

Alifanya kazi mpaka alasiri, na katika makoti yote akafaulu kufumua moja. Mbegu ilimponyoka mkononi, ikarukia kwenye mtungi wa maji, ikachapa mkia mpaka mtungi ukaanza kutembea barazani. Hadidja alicheka, mara ya kwanza mwezi ule. Lakini yai la mwezi ule lilikuwa limeshapita. Kabla ya magharibi mbegu iliishiwa nguvu, ikafa, naye akaizika karibu na pilipili.

Ndipo akaona hasira. Miaka sita alikuwa akinywa mizizi michungu ya shangazi Madina, dada wa marehemu baba yake Feruzi, ambaye kila alipomletea alisema mbele ya majirani kwamba mbegu iko muzuri, shamba ndiyo iko mubaya. Akatafuta kopo tupu la sardini, akazipanga mbegu zilizobaki.

Feruzi alizikuta aliporudi kutoka msikitini. Alichukua moja, akapapasa mshono wake.

« Hadidja, iache tu, » alisema. « Sema shida iko kwako. Utaenda na heshima yako. »

« Sitasema. »

« Itakuwa haya kwangu. »

« Bon, ikuwe kwako, » alisema Hadidja, akafunika kopo.

Kwa desturi ya ukoo ule, mwanamke anayerudishwa ndiye anayepika chakula cha kikao. Akikataa, inahesabiwa amekiri kosa ni lake. Basi Jumapili Hadidja alipika pondu ya majani ya muhogo, ndizi za makemba na samaki, akanawa mikono, akaingia na kopo lake. Papa Abdulhamid, mdogo wa baba yake Feruzi, aliyemfundisha Feruzi cherehani, alikuwa amesimamishwa na waasi mara mbili njiani, lakini alifika kwa wakati.

Hadidja alifungua kopo katikati ya mkeka. Mbegu zikasema bonjour, wazee wakaitikia. Akaeleza yote: koti, saa, mkia, yai.

« Miye si shamba mubaya, » alimaliza. « Kwangu kazi inafanyika. Munisikie leo. »

Papa Abdulhamid akavaa miwani, akachukua mbegu moja, akavuta mshono kwa kucha. Haukuachia. Akavuta tena, kwa nguvu. Uso wake ukang'aa.

« Wallahi, hii iko kazi ya kwetu! » alisema. « Feruzi, ona. Hata machine haiwezi. »

Kopo likazunguka. Kila mzee alivuta kidogo, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

« Papa, ile ndiyo shida, » alisema Hadidja. « Mushono haiachie. »

« Mushono muzuri haiachiake, mutoto wangu. Donc, mu ile nyumba, kufumua iko kazi ya nani? »

Wazee wakamtazama Hadidja.

« Iko yake, » alisema shangazi Madina. « Makoti ya Bazungu anafumua. Ya bwana yake anashindwa. Alors? »

Mbegu moja ilitaka kusema neno, lakini shangazi Madina alifunika kopo, kwa sababu chakula kilikuwa kinaletwa.

Wote wakamgeukia Feruzi, maana mume ndiye husema mwisho. Alikuwa ameinua mbegu moja kwenye mwanga wa dirisha. Alijua kosa ni la mshono, na Hadidja aliona kwamba anajua. Aliomba tu abaki na hiyo moja, aige ukosi wake.

Wakala. Pondu ilisifiwa sana.

Jumatatu Hadidja alipanda mtumbwi. Ukingoni mwa mto, kabla ya kuondoka, waasi walifungua mzigo wake, wakaona nguo, sindano na wembe, wakamrudishia. Hakulia mpaka Yanonge, katikati ya njia, na baada ya Yanonge alikuwa akifikiria mahali pa kuweka meza ya kufumulia. Isangi nako kulikuwa na makoti ya Wabelgiji.

Miaka miwili baadaye, waasi wakiwa wameshafukuzwa, abiria wa mtumbwi mmoja alimletea kifurushi kutoka Kabondo. Kilitoka kwa Safi, mwanamke aliyeolewa na Feruzi baada yake. Ndani mlikuwa na kopo la sardini na karatasi.

« Yaya Hadidja, dada mukubwa, » Safi aliandika, « banasema weye ulifumua moja. Ulifanya namna gani? Kikao iko baada ya Idi. »

Hadidja alifungua kopo. Bonjour, Mama, zilisema. Akachukua moja, akainua ukosi, akatazama. Mshono ulikuwa uleule. Akaomba kalamu kwa jirani, akakaa mezani, akajibu maneno machache, akayatuma kwa mtumbwi uleule uliokuwa ukirudi:

« Mudogo wangu Safi, ile moja ilinikula siku nzima na ikakufa. Usijichokeshe. Siku ya kikao, usibapikie. »