Lami ya Chini

"...milioni mbili na laki nane, Baba Mapacha, si hela ya vocha hiyo, useme umesahau kurudisha chenji," mkewe anaiambia miguu yake, maana miguu ndiyo pekee iliyobaki nje, vingine vyote viko chini ya gari, kichwa, mikono, kitambi, hasira, na hiyo bisibisi, bisibisi iliyozama mpaka kwenye mpini, na yeye hakuigonga kwa nyundo, haki ya Mungu hakuigonga, aliiegemeza tu kwenye chuma kikubwa cha chini, kile kinachobeba springi za nyuma, akitafuta pa kuanzia kukwangua lami, ikaingia kama kisu kwenye papai, na unga mwekundu ukamwagika kidevuni na mdomoni, na sasa anaonja kutu, ladha anayoijua kama wengine wanavyojua ladha ya chai, lakini kutu ya geti ni ya juujuu, unaikwangua inakuachia chuma, hii haikuacha kitu, hii ndiyo chuma chenyewe... labda ni hapo tu, anajiambia, kila mzee ana jino moja bovu, anaichomoa bisibisi, anasogea shubiri moja, anaiegemeza tena, inaingia, shubiri nyingine, inaingia, "unanisikia au umeshakufa humo?", anasikia, anasikia sana, anageuza shingo kwenye chuma cha upande wa pili, anaiegemeza na huko, na bisibisi inaingia.

"Nani asiyekusikia? Mtaa mzima unakusikia." "Na usikie! Kwani nimeiba mimi?" Kutoka ng'ambo ya barabara fundi viatu, ambaye hakuna ugomvi uliowahi kumpita bila kuutia chumvi, anapaza sauti, "Mama Mapacha, mwache, huyo anaatamia, ataangua pikipiki!", watu wanacheka, na yeye chini ya gari anasaga meno, siku nyingine angetoka na nyundo mkononi akamwonyeshe huyo mshona kandambili nani ni nani, lakini leo anaona miguu ya mkewe tu, ndala za bluu, kisigino kilichopasuka, uzi mweupe umenasa kwenye pindo la gauni, na kidole gumba kinapiga sakafu, chini, juu, chini, juu, kama yuko kwenye pedeli ya cherehani, na hata hilo yeye mwenyewe hajui, miaka kumi na sita ya kushona sare za shule kwenye ukumbi wa nyumba, mgongo ukutani, kila anayekwenda chooni anamrukia kitambaa, shati baada ya shati, kaptula baada ya kaptula, na kila mwisho wa wiki anamletea hela zimekunjwa ndani ya leso, "niwekee," neno moja tu, na yeye fundi mageti anaweka, kwa sababu yeye ndiye benki ya mtaa, wateja wanamwachia arbuni hawaombi hata karatasi, jirani alisafiri akamwachia funguo za nyumba, shilingi ya mtu hailali njaa kwake, ndivyo anavyosema, amesema mara ngapi, kwa kifua, kwa kupiga meza, bei yangu moja, neno langu moja, ukitaka maneno mawili nenda kwa madalali... "Nilikwambia au sikukwambia?" anauliza mkewe. "Nilikaa pale mezani nikakwambia, hela ile si yako na gari lile si letu. Ukanijibu nini?" Akamjibu mwanamke hajui chuma. Hivyo hivyo. Mwanamke hajui chuma, na kesho yake asubuhi akaenda akanunua.

Lakini alikuwa ameenda kutengeneza geti, si kununua gari, hilo Mungu analijua, Mstaafu alimwita kwa ajili ya bawaba iliyokatika, mzee mpole wa miwani na kofia, aliyefanya kazi ofisini mpaka ofisi ikamchoka, na nyuma ya geti, chini ya turubai, kulikuwa na kitu kimelala, pua ndefu, taa mbili za duara kama mtu aliyeamshwa ghafla, akalifunua upande mmoja, akafungua mlango, akaufunga, ukasema *tup*, si ule mlio wa madebe wa magari ya siku hizi, tup, kama kifuniko cha sanduku lililotengenezwa na mtu anayejiheshimu, na hapo ndipo alipokwisha, tangu apate akili anatengeneza vitu vya kuzuia, mageti, grili za madirisha, makomeo, vyuma vya kumwambia mtu usipite, na hakuna aliyemfundisha, alijifundisha kwa kuunguza macho na kuharibu vyuma vya watu akavilipa, lakini hajawahi, hata mara moja, kutengeneza kitu kinachokwenda. Atamwelezaje mwanamke anayesimama na kidole kinachokanyaga pedeli? Atasema mlango ulisema tup? Alisema ni biashara. Alisema tutalikodisha. Alijiambia mwenyewe kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na gari lile halikuwa limejitembeza hata hatua moja kwa miaka tisa, akacheka peke yake njiani kwa utani huo, mjinga, mjinga wa mwisho, akadhani methali ni hati ya dhamana...

Na aliangalia chini! Asiseme mtu hakuangalia. "Chini kukoje, mzee?" "Inama ujionee, fundi," Mstaafu akasema, akasogea pembeni kwa adabu, naye akapiga magoti, akashusha shavu karibu na udongo, akaona lami, nyeusi, mbichi, imepakwa mpaka kwenye kona, inang'aa, na moyo wake ukamsifu mzee yule, kwa sababu yeye mwenyewe ndivyo afanyavyo, geti lake halitoki karakana bila rangi ya kuzuia kutu nyuma ya bawaba, chini ya ukingo, ndani ya kona ambayo mwenye nyumba hataiona mpaka anaingia kaburini, na siku zote amesema, mtu anayepaka mahali pasipoonekana ni mtu wa kweli, basi akamwona Mstaafu ni mtu wa kweli, akamsoma mwenzake kwa msahafu wake mwenyewe, akaona haya hata kukwangua kwa ukucha, maana kukwangua ni kumwambia mtu mzima u mwongo wewe, akasimama, akapangusa magoti, akalipa bei aliyotajiwa bila kupunguza hata senti, kwa fahari, na Mstaafu akahesabu polepole, akasema, "Umeona mwenyewe, fundi." Umeona mwenyewe. Ukilitazama neno hilo halina uongo ndani yake popote, na hilo ndilo linalomuuma sasa, angekuwa amedanganywa angekwenda kumng'oa mtu kwenye kiti, angekwenda na hii bisibisi, lakini aende akaseme nini, uliniambia niangalie nikaangalia? Na ukutani kwake mwenyewe, juu ya mashine ya kuchomelea, kwa mkono wake mwenyewe, ameandika kwa rangi nyekundu UKISHACHUKUA UMEKUBALI, na amewahi kumtupia mtu grili yake barabarani kwa sababu alirudi siku ya tatu kulalamika...

"Mwenye fremu amenipigia tena," mkewe anasema, na sauti yake imeshuka, na ikishuka ni mbaya kuliko ikipanda. "Kuna kijana wa kutengeneza simu anaitaka. Ana hela mkononi. Mwenye fremu kanisubiri kwa sababu ya heshima tu, kasema mama, nakupa mpaka leo jioni ulete kodi." Fremu. Ameiona, amepelekwa kuiona, chumba kimoja cha kushonea kwenye kona ya soko, dirisha linatazama barabara, alimkuta mkewe amesimama katikati amenyoosha mikono miwili pande zote, hagusi ukuta, anacheka, "tazama, hanigusi mtu hapa," na ilikuwa ni yeye wa kumtengenezea grili ya dirisha hilo, alishapima, vipimo viko mfukoni kwenye kipande cha boksi la sigara, na bado akaenda kununua gari, kwa hesabu gani, kwa hesabu kwamba litazaa, litazaa mara mbili kabla hajajua, atamwekea leso mapajani imefura, naye aseme kumbe mume wangu unajua chuma... na akaanza kuchomelea sakafu ya gari kama anavyochomelea geti, moto ule ule, vijiti vile vile, bati likatoboka, akaziba tundu likawa kubwa, akaziba kubwa likawa sinia, na mkewe alipita na ndoo akachungulia, akasema, "Kiraka hakikai kwenye kitambaa kilichooza, Baba Mapacha, uzi wenyewe ndio unaokata," akamfokea, akamwambia arudi kwenye vifungo vyake.

"Halafu nimekutana na Bwana Harusi wa Kudumu," mkewe anasema. Ndivyo mtaa unavyomwita, kila wiki yuko harusini na hajaoa, anakodisha magari ya maharusi, anavaa suruali nyeupe, na wiki iliyopita alilizunguka gari hili kama mwanamume anayezunguka mke wa mtu, akapapasa nikeli, akafungua mlango, akaufunga, akasikia tup, mwenyewe akasikia, na hakuinama, suruali nyeupe haiinami kwenye karakana. "Anasema milioni tatu na laki mbili, taslimu, leo saa nane, mradi limesimama kwa matairi yake na linang'aa. Muuzie." Kidole kimeacha kukanyaga. "Muuzie, mume wangu. Nipe changu, inayozidi ni yako, na mimi sitakusema tena, mbele ya watoto sitakusema, mbele ya ndugu zako sitakusema. Yaishe." Mume wangu, hajamwita hivyo tangu gari lilipovutwa kuingia hapa kwa kamba. Na lami ipo, kopo zima, rafu ya pili, nyuma ya thina ya rangi, haihitaji hata kufikiri, fikra imeshakwenda imerudi na kopo mkononi, vibati viwili vyembamba juu ya matundu, puti, msasa, lami mpaka kwenye kona, kazi ya saa moja na nusu, saa mbili akitaka kuifanya vizuri, na angeifanya vizuri, hilo ndilo linalomtisha, angepaka vizuri kuliko Mstaafu, na wala hatasema uongo, atasema inama ujionee, bwana, naye hatainama... na Jumamosi atapakia bibi harusi, binti wa mtu, na wapambe wawili, na maua, na matron mnene wa kumsimamia, wote nyuma, juu kabisa ya chuma hiki, watateremka kilima wakipiga honi, na kuna shimo, siku zote kuna shimo, na springi itapanda juu kama ngumi kwenye karatasi, na gari litalala upande, na shela... anafumba macho, unga wa kutu uko kwenye kope, akilia hapa nani atajua, anaweza kusema ni kutu.

Amemwelewa Mstaafu. Hilo limemjia bila kubisha hodi, limekaa juu ya kifua chake pamoja na uzito wote wa gari, hamchukii tena, labda na yule mzee alikuwa na mtu aliyesimama pembeni, ndala, kisigino, sauti iliyoshuka, labda alipaka lami ile usiku akilaani, labda alipoambiwa chini kukoje aliomba Mungu fundi huyu akwangue, kwangua basi, kwangua, na fundi akaona haya. Miaka yote amejidai mkweli na kumbe ukweli wake ulikuwa wa bei rahisi, ukweli wa milimita mbili za geti, ukweli wa kumwambia mlevi umelewa, hakuna aliyewahi kumwekea fremu ya mkewe upande mmoja wa mizani akamwambia haya, sema sasa. "Baba Mapacha. Nimwambie aje?" Fundi viatu ameacha kugonga, hata yeye anasubiri, gari la taka linapita barabarani na jeki inatetemeka kidogo juu ya tofali, na yeye anafungua mdomo uliojaa kutu, hajui bado ni neno lipi litakalotoka, kwa mara ya kwanza maishani mwake hajui.

"Limeoza," anasema.

"Nini?"

"Chini. Chesisi yote, kulia na kushoto. Likipakia watu litaua mtu. Haliuziki, mke wangu, labda kwa kilo."

Na baada ya kusema anangoja, analala pale na bisibisi kifuani kama mtu aliyeweka mzigo mezani na kusubiri kuambiwa ahsante, anangoja ndala zisogee, magoti yashuke, uso wa mkewe uingie huku chini kwenye giza umwone alivyo, umwambie pole, au umtukane, hata tusi lingekuwa mkono, maana ameshasema kweli, kweli tupu, iliyomgharimu kila kitu, na kweli ikisemwa lazima kitu kitokee, si ndivyo, lazima kitu kifunguke mahali... hakuna kinachofunguka, unga unamdondokea taratibu shingoni, ndala za bluu ziko pale pale, hazikurudi nyuma hata kidogo, hazikuja mbele, na anaelewa, polepole, jinsi baridi ya sakafu inavyopanda mgongoni, kwamba ukweli wake haununui hata kitasa cha mlango wa fremu ile, kwamba anaweza kuusema wote mpaka jioni na kijana wa simu bado atahamia.

"Mimi sikukuuliza habari za gari," anasema mkewe, bila ukali wowote. "Nilikupa hela uniwekee. Nipe hela yangu."