Ndugu Yake Badru

Hodi ya kwanza Badru aliisikia, akanyamaza. Ya pili ilimkuta ameshaukalia mkono wake wa kulia, kama alivyozoea siku hizi kila alipofika mtu. Mlangoni alisimama binti asiyemjua, begi mgongoni, viatu vimejaa vumbi la Kigombe.

"Shikamoo baba. Naitwa Devota, mtu wa Lushoto, natoka hospitali, mambo ya mazoezi ya viungo. Namtafuta Mzee Badru, fundi cherehani."

"Marahaba. Hayupo. Kaenda Moa."

Uongo ulimtoka kabla hajaufikiria, na ulipokwisha kutoka aliona haya hadi shingoni. Mtu mwenye mvi zake, anaongopa ndani ya nyumba yake, na cherehani yake iko pale pale.

Devota aliitazama ile cherehani. Kisha akakitazama kiwiko cha mzee, ambacho kilikuwa kikichezacheza ingawa kiganja kimekaliwa.

"Na wewe ni nani wake?"

"Ndugu yake."

"Afadhali," alisema binti, akivua viatu. "Basi nitakufundisha wewe, naye akirudi umfundishe."

Daktari alikwisha kumwambia Badru kwamba ule ni ugonjwa wa Parkinson: sehemu ya ubongo inayoamrisha viungo inachoka, ndipo mkono ukatetemeka hata umetulia, hatua zikafupika, sauti ikafifia. Ugonjwa wenyewe Badru angeuvumilia. Kilichomshinda ni macho ya watu. Siku moja barazani alipokea kikombe cha kahawa, akakimwaga chote kwenye kanzu ya Jumbe, rafiki yake tangu utotoni kwenye chuo cha Kurani, kanzu aliyoishona Badru mwenyewe. Kesho yake akapokea kwa mkono wa kushoto. Mtu mmoja akasema, si kwa sauti ndogo, "Mzee mzima anapokea kwa kushoto!" Tangu hapo Badru hakwenda tena barazani, na hata swala aliswalia nyumbani.

Devota aliomba chaki ya kukatia nguo, akachora mistari sakafuni kutoka kitini hadi mlangoni.

"Mwambie Mzee Badru, miguu ikigoma asivutane nayo. Asimame, auangalie mstari, kisha aunyanyue mguu juu kama anavuka mtaro."

"Na pasipo na mstari?"

"Mtu amwekee mguu wake mbele, auruke."

"Nimruke... amruke mtu mguu? Mwanangu, labda huko kwenu Lushoto. Huku kwetu ni kumvunjia mtu heshima."

"Hata kwetu," Devota alicheka. "Lakini mguu uliogoma haujui adabu. Na sauti: aseme jina lake kana kwamba anamwita mtu aliye ng'ambo ya shamba la minazi. Hebu sema wewe, nisikie."

Yule "ndugu" aliinama kuitazama mistari ya chaki. Jina lile hakuweza kulisema.

Devota alirudi wiki iliyofuata, na nyingine, na kila akifika aliuliza bila kucheka, "Ndugu yako anaendeleaje?"

"Anajitahidi. Jana kafunga vifungo vya shati mwenyewe."

"Vyote?"

"Kasoro cha juu. Alikitukana."

"Mwambie matusi nayo ni mazoezi ya sauti."

Nyuma ya pazia Shadya, binti yake Badru, alijiziba mdomo kwa khanga. Ndiye aliyekwenda hospitali kuomba msaada bila kumwambia baba yake. Naye alikuwa anakaribia kuolewa na Rahimu, kijana wa Pongwe.

"Harusi hiyo nani anaozesha?" Devota aliuliza siku moja, akimnyoosha vidole.

"Shekhe. Mzee Badru atampa uwakili, aozeshe kwa niaba yake."

Nyuma ya pazia kitu kilianguka, sahani labda. Badru hakujua kwamba Shadya yumo ndani. Alipokuwa mdogo, mtoto huyo alirudi harusini akauliza kwa nini baba wa bibi harusi alimwachia shekhe amwozeshee mwanawe. Badru akamwonyesha kiganja chake, kikavu, kimetulia kama ubao, akasema, "Wewe nitakuozesha kwa mkono huu huu."

"Si kitu, baba," Shadya alisema kutoka ndani, haraka mno. "Wengi wanatoa uwakili."

Ni huko kumsamehe upesi kulikomwumiza. Badru aliinamisha kichwa.

"Mimi ndiye Badru," alimwambia Devota.

"Najua, baba."

"Mkono huu ukamshike mkwe mbele ya msikiti mzima? Watasema nimelewa."

Devota aliendelea kumnyoosha vidole. "Huenda wakasema. Siwezi kukudanganya. Dawa na mazoezi vitakusaidia, lakini siku hiyo utatetemeka tu."

"Basi unanifundishia nini?"

"Ufike," alisema binti. "Na usikike."

Siku ya ndoa Badru alimeza dawa kwa saa yake, lakini upande wa bwana harusi ulichelewa njiani, na dawa ikaanza kuisha nguvu. Kwenye kizingiti cha msikiti miguu ikaganda. Alitafuta mstari, saruji ilikuwa tupu. Nyuma watu wakasongamana.

"Mzee vipi, kasahau njia?" kijana mmoja alisema, na wenzake wakacheka.

Shekhe alikuwa ndani tayari. Neno moja tu la uwakili lingemtosha, arudi nyumbani akaukalie mkono wake. Akamwona Jumbe.

"Jumbe. Niwekee mguu."

"Nini?"

"Mguu wako. Hapa mbele yangu. Niuruke."

Jumbe alimtazama, akawatazama watu. "Juzi umenimwagia kahawa, leo unaniruka. Kesho utanipanda mgongoni." Lakini aliunyoosha mguu wake kizingitini. Badru akaunyanyua wake juu kama mtu anayevuka mtaro, mbele ya wazee, wajukuu na wageni wa Pongwe, akamruka mwenzake. Kijana aliyecheka aliangalia pembeni.

Alikaa mkabala na Rahimu, akatoa mkono. Ulitetemeka, ukautetemesha na wa Rahimu, hata mikono ya kanzu zao ikacheza pamoja. Badru akatamka maneno ya ndoa, huku akisikia yanavyomfia kifuani.

Shekhe alimwinamia. "Mashahidi hawajasikia, mzee. Nikupokee? Si aibu."

Ilikuwa aibu. Ilimpanda hadi masikioni, yakawaka moto. Badru alivuta pumzi, akautazama mstari wa safu kwenye zulia, kisha akamwita mtu aliye ng'ambo ya shamba la minazi.

"Mimi, Badru!"

Sauti ilitoka kubwa mno, ikapasuka katikati. Nyuma mtu aliguna kicheko. Badru hakukatiza.

"Nimekuozesha wewe, Rahimu, binti yangu Shadya, kwa mahari mliyoafikiana!"

"Nimekubali kumuoa," alisema Rahimu.

Mashahidi waliitikia kwamba wamesikia. Dua ikaanza, na kila mtu akainua viganja. Badru naye aliinua vyake vyote viwili, cha kulia kikitikisika mbele ya macho ya watu wote, akaviacha juu mpaka dua ikaisha.