Matairi Manne na Radhi Moja

"Upepo hutoka wenyewe, Des, tairi si—"

"Yote manne? Yote manne kwa mpigo, Barry?"

"—si jiwe, ni mpira, na ile pikapu yake kuukuu—"

"Yalikaa kikao? Yalipiga kura?"

"Acha kunikata maneno!"

"Acha upuuzi, nitaacha kukukata!"

Tulikuwa kwenye kikao cha ligi, ghorofani juu ya baa ya Wirralong, na mwenyekiti wa ligi, mzee Alwyn, alikuwa anagonga meza kwa kijiko. Hakuna aliyemsikia. Mimi ni katibu wa Chama cha Waamuzi wa bonde letu, na ndiye ninayepanga refa gani aende uwanja gani, kwa hiyo nikigombana, nagombana kwa cheo. Barry Quirk ni mwenyekiti wa klabu ya raga ya Wirralong, na ndiye mwenye duka la matairi. Duka pekee. Ukipata pancha mji ule siku ya Jumamosi humwombi Mungu, unamwomba Barry.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi iliyotangulia, Glenys Haddow, refa wetu bora kuliko wote, aliikataa trai ya Wirralong, bao lao la dakika ya mwisho. Pasi ilikwenda mbele. Raga mpira unarushwa nyuma, mbele hapana, hilo mtoto wa huku analijua kabla hajajua kufunga viatu. Wirralong wakafungwa. Glenys akaoga, akatoka nje, akakuta pikapu yake imekaa chini kama kuku anayeatamia. Matairi yote manne, hakuna hata pumzi moja. Na nani aliyemjia na pampu, meno yote nje? Barry.

"Pole, dada," alimwambia mbele ya jukwaa zima. "Labda na upepo nao ulikwenda mbele."

Watu walicheka mpaka bia ikawatoka puani. Glenys akasema asante, akasubiri tairi moja moja lijazwe, akaondoka zake. Mimi nilipohadithiwa nilikosa hamu ya kula, na mtu yeyote amwulize mke wangu, hiyo haijawahi kutokea. Mwanamke ametumia Jumamosi yake kuwachezeshea majitu yaliyojaa matope, anatukanwa na bibi wa miaka themanini aliyeshika kikombe cha chai, halafu malipo yake ndiyo hayo?

"Utamwomba radhi," nilimwambia Barry pale kikaoni. "Kwenye spika ya uwanja wako, watu wamejaa."

"Nani aliniona?"

"Basi Wirralong hakuna refa. Hata mmoja. Mpaka msimu uishe."

"Tutatafuta wa kwetu!"

"Mtafute!"

"Tutapata!"

"Mpate!"

Mzee Alwyn akagonga kijiko, akasema kikao kimefungwa, ingawa hakikuwa kimefunguliwa.

Sheria ya ligi yetu ni kwamba refa asipotokea, manahodha wawili wanamchagua mtu yeyote aliyepo uwanjani, wote wakubali, ndiyo filimbi inapulizwa. Wasipokubaliana hakuna mchezo, na timu zote mbili zinahesabiwa zimeshindwa. Niliwapigia simu marefa wetu. Wote walisema tuko pamoja, mmoja alisema hata angesusa viwanja vyote kwa sababu goti linamsumbua. Glenys hakupokea, nikamwachia ujumbe: usijali dada, tunalishughulikia.

Na tulilishughulikia. Mechi ya kwanza Wirralong walimpa filimbi daktari wa mifugo. Wakati wa mapumziko aliitwa kwa ng'ombe anayezaa kwa shida, hakurudi tena, na mpaka leo hakuna aliyemwona ng'ombe mwenyewe. Iliyofuata, mwezi wa saba, walicheza na Kooramba, wakamchukua padri. Padri hakumtoa mtu. Kila kosa alilisamehe. Watu wawili walitwangana ngumi katikati ya uwanja, akawasamehe wakiwa bado wanatwangana.

Barry badala ya kuona haya akapaka ukuta wa duka lake maandishi makubwa ya njano: WAAMUZI, UPEPO BURE. Watu wakawa wanapiga picha pale. Sasa hiyo si dharau? Mtu ana kosa, halafu analitangaza kama ofa! Nami sikulala. Kila Ijumaa nilimtumia kwa posta kile kifuniko kidogo cha plastiki kinachofunika pa kujazia upepo. Kimoja tu, ndani ya bahasha, bila neno. Nilisikia mke wake alianza kuziogopa bahasha. Vizuri. Wirralong nzima walijua ni mimi, na nzima waliapa siku nikikanyaga uwanja wao nitazijua vizuri bia zao, kwa nje: watanimwagia.

Nilikanyaga siku ya nusu fainali, Agosti, baridi ya kukata masikio. Wirralong na Kooramba tena. Nilivaa koti langu zuri na viatu vya ngozi, nikanunua pai ya nyama, nikajibanza nyuma ya goli upande wa wageni. Nilikuja kumwona Barry akinyooka.

Kooramba walikuja na basi la kukodi. Dereva alikuwa Glenys. Ndiyo kazi yake, siku za shule anabeba wanafunzi, Jumamosi asiyochezesha anabeba yeyote anayelipa. Aliegesha nyuma ya goli, akabaki kwenye kiti chake na chupa ya chai na fumbo la maneno la gazeti. Hakunitazama. Nikadhani ni jua.

Katikati ya uwanja manahodha walikuwa wanachagua refa. Wa Wirralong ni Heath Mulcahy, fundi bomba. Wa Kooramba ni Semisi Fonua, mtu wa machinjioni, Mtonga wa visiwa vya Pasifiki mwenye shingo kama gogo.

"Yule wa kofia nyekundu," alisema Heath.

"Si shemeji yako yule?"

"Ameachana na dada yangu."

"Anataka kurudiana naye, kila mtu anajua. Chukua yule mrefu."

"Mjomba wa kocha wenu! Unaniona mjinga?"

"Yule mwenye mbwa, basi."

"Huyo alikuwa mchumba wa mama yangu."

"Alikuwa. Si yameisha?"

"Yameisha vibaya, bwana. Atatumaliza."

Walizunguka uwanja mzima hivyo. Bonde letu dogo, watu wameoana mpaka mbwa wana ukoo. Mzee Alwyn alitazama saa yake, akatangaza kwamba wasipopata mtu sasa hivi anafuta mchezo na fainali inapewa timu nyingine. Hapo Heath akageuka polepole, akalitazama basi.

"Na yule?"

"Glenys? Mwezi wa tano alitunyima penalti mbili."

"Sisi alitunyima trai."

Wakatazamana.

"Kumbe anatuchukia sawasawa," alisema Semisi.

"Yeye hachukii mtu. Sisi ndio tunamchukia sawasawa."

"Hata hivyo. Ni sawasawa."

Wakatimua mbio kuelekea basi. Lakini mimi nilikuwa karibu zaidi, na hasira ina miguu. Nilifika kwanza, nikajiweka mlangoni, mkono mmoja huku na mwingine wenye pai huku.

"Hapiti mtu! Radhi kwanza!"

"Des, toka hapo, tunachelewa!" alisema Heath.

"Mlitaka refa wenu, si mlipata? Mwiteni padri awasamehe! Barry yuko wapi? Kwenye spika, sasa hivi!"

Walimsukuma Barry hadi kibanda cha spika kama ng'ombe anayepelekwa kuogeshwa. Spika ile hutumika kutangaza funguo zilizopotea na bahati nasibu ya nyama. Ikakoroma.

"Wapenzi wa raga," alisema Barry. "Kama kuna mtu yeyote alijisikia vibaya kuhusu mambo ya upepo yaliyotokea hapa..."

"Hiyo si radhi!" nilipiga kelele. "Hiyo ni taarifa ya hali ya hewa!"

Hata Wirralong walicheka, na nadhani kicheko cha watu wake mwenyewe ndicho kilichomvunja. Sasa sauti ilikuwa nyingine.

"Glenys. Ni mimi. Nilitoa ule upepo kwa mkono wangu, kwa ncha ya ufunguo. Na ile pasi..." Spika ikalia kwi. "Ile pasi ilikwenda mbele. Nilikuwa nimesimama usawa wake. Niliiona. Nisamehe."

"Barry!" alilia mwanamke aliyekuwa anakaanga soseji, kama mtu aliyemfumania mumewe.

Nilishinda. Msimu mzima wa simu, vikao na bahasha, na nilishinda! Niligeuka kumtazama Glenys nikitegemea, sijui, chozi. Alikuwa anamalizia neno kwenye fumbo lake. Aliweka kalamu.

"Umemaliza, Des?"

"Mimi? Yote haya ni kwa ajili yako, dada."

"Nani alikuambia nataka radhi?"

"Si haki yako!"

"Nilijaziwa upepo nikaenda nyumbani. Nilichotaka ni kurudi hapa Jumamosi inayofuata, nipulize filimbi masikioni mwao mpaka wachoke wao. Wewe ndiye uliyeninyima uwanja huu. Mkaguzi wa waamuzi alikuja kutoka mjini mwezi wa saba, aniangalie kama nafaa fainali ya mkoa. Ametoka alfajiri, ameendesha nusu siku. Akamkuta padri."

"Nilijua amekuja. Nikadhani ameuona mgomo wetu."

"Aliona padri, Des! Na mimi, tangu Januari nakimbia kilima kile kabla sijawasha basi. Barry alinitolea upepo wa dakika ishirini. Wewe umenitolea wa msimu."

Heath na Semisi walikuwa wamesimama nyuma yangu wakitazama nyasi, kwa adabu, kama watu waliofika wenye nyumba wanagombana. Nilitaka kumwambia kanuni ni kanuni, kwamba chama kizima kilisimama kwa ajili yake, kwamba mimi nilikosa hamu ya kula. Pai ilikuwa imepoa mkononi.

Glenys alifungua kisanduku pembeni mwa usukani, akatoa filimbi yake. Alikuwa nayo siku zote. Akaipuliza mara moja, kidogo, kuisikia, akateremka.

"Heath, kapange timu yako. Semisi, nawe. Washika vibendera ni nani?"

"Upande wa kule tunaye," alisema Semisi. "Upande wa jukwaa hakuna aliyekubali. Wameshakunywa sana wale."

Glenys alilitazama jukwaa la Wirralong, mikebe ya bia imesimama juu ya uzio mstari mzima, bibi wa kikombe cha chai ameshakaa mahali pake. Halafu akanitazama mimi, kuanzia viatu kupanda juu.

"Des," alisema, kwa upole kabisa, "naomba uvue koti ukashike kibendera upande ule."