Hema la Mkwe

Mama mkwe wangu alitua Houston Jumamosi ya kwanza ya Mei, mwaka wa 2002, akafika Sugar Land salama, kisha akakataa kushuka kwenye gari.

Nilikuwa nimeegesha mbele ya nyumba, jua la saa kumi linachoma, injini nimeiacha inanguruma ili ubaridi usikatike. Alikuwa kiti cha nyuma, leso ameivuta mpaka jichoni upande wangu, begi amelipakata. Mke wangu Orpa, mimba ya miezi saba, alikuwa amejikokota mpaka mlangoni ingawa daktari alimkataza hata kusimama.

"Mama, shuka. Chumba nimeshakitandika."

"Chumba kiko chini ya paa la nani?"

"Letu, Mama."

"Lenu la nani? La mume wako. Mimi sijawahi kulala chini ya paa moja na mkwe wangu, na sitaanzia ng'ambo eti kwa sababu hakuna anayeniona. Watu nimewaacha nyumbani, sawa. Mungu nimekuja naye kwenye ndege."

Kwetu Bungoma ndivyo ilivyo. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawashikani mikono, hawatazamani usoni, hawali meza moja, na kulala nyumba moja ndiyo kabisa haisemeki. Wakikutana njiani, mmoja huingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite.

Ninaijua mila hiyo kuliko wengi, kwa sababu niliipiga vita hadharani. Desemba 1985, baada ya mgomo wa kiwanda cha sukari, nilipanda juu ya kreti sokoni nikamshambulia meneja, nikamshambulia chifu, na nilipoona watu bado wanapiga makofi, nikashambulia na mila. Nilisema hizi ni kamba za kumfungia ng'ombe aliyekwisha kufa. Vijana walipiga miluzi. Sikujua kwamba nyuma ya wauza ndizi alisimama mwanamke mmoja ambaye miaka sita baadaye ningekwenda kumwomba binti. Nilipokwenda, hakunijibu mimi. Aliwajibu wazee, huku anachambua maharagwe: "Huyu atamlisha mwanangu magazeti." Ilikuwa Alhamisi. Sisahau.

Sisahau kitu, mimi. Shule niliishia darasa la saba. Sheria za kazi nilijifundisha kwenye kitabu kisicho na jalada, Kiingereza kwenye magazeti yaliyofungiwa nyama. Nimefutwa kazi mara mbili, nimelala korokoroni siku kumi na moja, na majina ya wote waliohusika ninayo kichwani, pamoja na karani aliyecheka. Kiwanda cha sukari kikanifukuza, na maisha yakanileta kuendesha foklifti, gari la kuinulia mizigo, katika ghala la vigae karibu na mji unaoitwa nchi ya sukari. Mungu naye ana utani wake.

Lakini siku ile mbele ya nyumba, jambo lilikuwa moja tu. Orpa alikuwa na miaka arobaini. Mimba mbili zilikuwa zimetoka kabla ya hii, zote mwezi wa sita. Daktari alisema alale kitandani mpaka Julai, asiinue hata sufuria. Mimi shifti yangu huchukua saa kumi na mbili. Na Orpa namjua: ni nesi, amezoea kuwainua wengine, ukimwacha peke yake kwa nusu saa utamkuta anadeki.

"Basi, nirudisheni na ndege ya Jumamosi ijayo," mama mkwe alisema kwa upole, kama mtu anayeagiza chai.

"Mama, ukirudi nani atanishika nisiinuke?" Orpa aliuliza.

Nikafungua mdomo nitoe hotuba. Nilikuwa nayo tayari, ile ile ya 1985, imekomaa kama mvinyo wa padri. Kisha nikamwona Orpa ameshikilia mwimo wa mlango kwa mikono miwili. Nikaimeza.

"Nitalala nje," nikasema.

Mama mkwe akakiambia kioo cha gari: "Kioo, hebu muulize mwenye nyumba, nje wapi?"

"Nyuma. Kwenye hema."

"Basi nyumba ni ya binti yangu," akakiambia kioo, akashuka.

Hema nililiazima kwa Kiplagat, nesi mwenzake Orpa anayeishi Missouri City, mji jirani. Alilinunua akitaka kwenda kupiga kambi kama Wamarekani, akaenda mara moja, akaumwa na siafu, basi. Alilileta mwenyewe ili apate kucheka kwa nafasi.

"Comrade! Umepinduliwa?"

"Nimejiondoa kwa hiari."

"Hivyo ndivyo wote husema. Hata mikutano ya waandishi wa habari huanza hivyo." Akagonga kigingi kwa jiwe. "Si ni wewe uliyeniambia mila ni nini, ng'ombe nani?"

"Aliyekufa."

"Naona amefufuka, na amekuletea godoro."

Maisha yakajipanga. Asubuhi mama mkwe alikohoa mara tatu jikoni, maana yake bafu liko wazi, nipite. Mimi nikakohoa mara mbili, maana yake nimemaliza. Chakula changu kilitokea mlango wa nyuma juu ya stuli, kimefunikwa, na aliyekileta alikuwa ameshatoweka. Akiwa na neno, aliliambia friji, nami nikiwa nje ya dirisha la jikoni nikisikia kila herufi.

"Friji, mwambie mwenye nyumba shati lake la kazini limechanika kwapani, aliache kwenye stuli."

"Friji," nami nikajibu, "mwambie mama asante, ila sindano zenyewe sijui ziliko."

"Friji, mwambie mimi sikuvuka mabara mawili bila sindano."

Orpa kule kitandani alicheka mpaka akashika tumbo, na mama yake akamkaripia kwa kucheka kwa nguvu.

Nilikasirika? Sana. Mabomba ya kumwagilia nyasi yalifunguka yenyewe kila alfajiri, nami nisijue yanapozimwa. Mvua za Mei za Texas haziombi ruhusa. Mbu wa huku ni wakubwa kama wasimamizi wa viwanda. Jirani yetu wa nyuma, mzee wa Kimarekani mjane mwenye kofia ya wachunga ng'ombe, alinichungulia juu ya uzio siku ya tatu, akatikisa kichwa, akanipitishia kiti cha kukunja. Aliniambia hata yeye mkewe alimtoa nje mwaka wa sabini na tisa, na dawa ni maua, mwanangu, maua na kunyamaza. Sikumsahihisha. Kiti kilikuwa kizuri.

Lakini nilikuwa nikiona kitu kupitia dirishani. Mashavu ya Orpa yalirudi. Uji wa wimbi, wa unga ambao mama yake alikuja nao kwenye begi akiomba usinyang'anywe uwanja wa ndege, ulimwingia. Wiki ya ishirini na tisa ikapita, ya thelathini ikapita. Hatukuwahi kufika huko.

Kisha barua ikaja. Chama cha wenye nyumba cha mtaa wetu kiliandika kwamba kumeonekana "jengo la muda" katika uwanja wangu, kinyume cha kanuni, na kwamba nina siku kumi za kuliondoa, au nifike mbele ya kamati Jumanne ya mwisho ya mwezi kujieleza.

Nisiseme uongo: nilifurahi. Wiki mbili nzima nilikuwa nimekosa adui. Nikakaa kwenye kiti cha yule mzee nikasoma kanuni zote, kurasa sitini na nne, na kalamu nyekundu mkononi. Zinahesabu rangi ya mlango kuwa uasi. Zinasema urefu wa nyasi, kama vile nyasi zina cheo. Nikaandika hotuba ya kurasa nane, ikianzia kwa wakoloni waliowapangia babu zetu mahali pa kujenga vibanda.

Orpa aliniita dirishani. "Nisomee."

Nikamsomea. Alinisikiliza mpaka mwisho, macho juu ya dari.

"Ni nzuri," akasema. "Ukiitoa hiyo, utashinda?"

"Watanisikia."

"Sikuuliza hivyo, mzee. Mwaka ule wa mgomo walikusikia mpaka Kakamega, ukafutwa kazi. Hema likiondoka, Mama anaondoka. Zimebaki wiki sita. Nenda useme, lakini useme kwa ajili ya hema."

Kamati ilikaa katika ukumbi kando ya bwawa la kuogelea: watu watano mezani, wakazi kama ishirini kwenye viti, Kiplagat nyuma kabisa, amekuja kunishangilia au kunizika. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Nilisimama, kurasa nane mkononi. Kabla sijamfikia mkoloni wa kwanza akaniuliza swali moja, bila ukali wowote.

"Bwana, ni nani analala ndani ya hema, na kwa nini?"

Swali hilo sikuwa nimeliandikia jibu. Nikakunja karatasi. Nikajikuta naeleza: kwamba ninalala mimi, kwamba mama wa mke wangu amekuja kumuuguza, kwamba kwetu mwanamume halali chini ya paa moja na aliyemzaa mkewe. Wakaniuliza kwa nini. Na hapo, mimi niliyepanda juu ya kreti, nikasema maneno ambayo sikujua ninayo.

Nikasema: mwanamke yule alimlea binti miaka ishirini na tisa, kisha nikaja mimi nikamchukua. Hakuna neno linaloweza kulipia hilo, kwa hiyo tunapeana nafasi. Yeye ananipisha, nami ninampisha. Watu wawili wanaompenda mtu mmoja ni rahisi sana kugombana jikoni. Wazee wetu walilijua hilo, wakatuwekea ukuta kabla hatujauhitaji.

Mwanamume mmoja mwenye tumbo akauliza kutoka nyuma kama mila hiyo inaweza kuandikwa kwenye kanuni za mtaa. Wanaume wote wakapiga makofi. Mwenyekiti mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani.

Lakini kanuni ni kanuni. Alisema anasikitika, kweli alisikitika, ila hema liondoke kufikia Ijumaa. Nikatoka nimepigiwa makofi na nimeshindwa. Ndiyo historia yangu yote kwa kifupi.

Asubuhi iliyofuata Kiplagat alikuja kuchukua hema lake, akaingia jikoni kunywa chai, akasimulia yote kwa sauti ya redio: ukuta, kupisha, miaka ishirini na tisa. Nilikuwa nje, ninang'oa vigingi, hema bado limelowa umande, na ndani ya kichwa changu napanga nitamwambiaje Orpa kuhusu ndege ya Jumamosi. Nikasikia mlango wa mbele ukifunguliwa, nikazunguka kuona.

Mama mkwe alikuwa ametoka. Nikageuza uso, kama inavyopasa. Alikwenda mpaka barabarani, pale pale nilipoegesha gari siku ile, akainua shingo akaitazama nyumba. Akatembea polepole upande wa gereji. Gereji yetu imeshikana na nyumba kwa ukuta mmoja, lakini ina paa lake, fupi, lenye mteremko wake. Akalinyooshea kidole. Kwa kuwa hapakuwa na friji, aliliambia sanduku la barua.

"Sanduku, mwambie mwenye nyumba kwamba lile ni paa jingine."

Nikasimama na kigingi mkononi.

Kurasa sitini na nne nilikuwa nimezisoma, zote zinakataza majengo ya nje, hakuna hata mstari unaomkataza mtu kuweka kitanda katika gereji yake. Na kwa sheria ya kwetu, bibi huyu alikuwa ameshatoa hukumu. Hakimu gani angeweza kuitengua?

"Sanduku," nikasema, na sauti yangu ilikuwa juu kidogo kuliko nilivyokusudia, "muulize mama. Siku ile alikaa ndani ya gari saa nzima, analitazama paa hilo hilo. Kwa nini hakulisema? Siku ishirini na tano nimenyeshewa."

Akalifuta sanduku vumbi kwa kiganja.

"Mwambie nililiona," akasema. "Lakini na mimi nilikuwa sokoni mwaka ule wa kreti. Nilitaka kujua kama binti yangu ameolewa na mtu au ameolewa na mdomo." Akajitanda leso. "Mwambie chai inapoa."

Akaingia ndani. Kiplagat, kikombe mkononi mlangoni, aliniangalia kwa mara ya kwanza bila mzaha wowote, halafu mzaha ukarudi. "Comrade, wewe ulikuwa unasema una kumbukumbu ndefu?"

Nililala gereji zaidi ya miezi mitatu, katikati ya mashine ya kukata nyasi, makopo ya rangi na lile hema, ambalo Kiplagat alikataa kulibeba likiwa limelowa. Mtoto alizaliwa tarehe kumi na mbili Julai, msichana, kilo tatu, sauti ya mkutano wa hadhara. Mama mkwe alikaa mpaka Septemba. Siku ya kuondoka alisimama uwanja wa ndege, leso usoni, mjukuu mikononi, na Orpa analia. Alipomrudisha mtoto alitazama kushoto, akatazama kulia. Hapakuwa na friji wala sanduku la barua.

"Lile hema ulilikunja bichi," akasema, macho chini, na ilichukua muda nielewe kwamba anasema na mimi. "Litaoza. Kalianike kabla hujalirudisha kwa mwenyewe."

Tulipofika nyumbani nililitandaza juu ya nyasi za mbele, mahali ambapo mtaa mzima ungeliona, nikakaa kando yake mpaka likakauka.