Nyumba ya Rongo, Kaburi la Jeddah

Emmaculate na mumewe Dalmas walifanya kazi nchi moja, lakini kwa miaka mitatu walikuwa wameonana mara mbili tu. Emmaculate alikuwa mfanyakazi wa ndani mtaa wa Malaz, Riyadh. Dalmas alikuwa dereva Jeddah, akilala mtaa wa Kandara chumba kimoja na wanaume watano. Jasho lao wote wawili lilikwenda nyumbani Rongo, likawa kiwanja, likawa msingi, likawa nyumba ambamo watoto wao waliishi na mama yake Emmaculate. Hati ilikuwa na jina la Dalmas peke yake, kwa kuwa siku ya kuandikishana yeye ndiye aliyekuwa likizo.

Machi 2016 moyo wa Dalmas ulisimama akiwa kwenye usukani, injini ikiunguruma. Madam, mwajiri wake, alimpa Emmaculate ikama yake, kile kibali cha ukaazi, na ruhusa ya siku nne. Akapanda basi hadi Jeddah, akafikia mtaa wa Ruwais kwa Bi Jokha, mwanamke wa Kizanzibari ambaye Dalmas alikuwa akimpeleka kliniki.

Walipofunua shuka hospitalini, Emmaculate aliona mvi juu ya masikio. Mvi zile hakuwahi kuziona kwenye picha alizotumiwa. Akazigusa.

Ili maiti isafirishwe, ilitakiwa barua ya familia yenye muhuri wa chifu. Akampigia simu Laban, kaka mkubwa wa marehemu.

"Pole, shemeji," Laban alisema. "Barua ipo. Lakini kwanza utie sahihi kwamba ile nyumba ni ya mama yetu. Usipotia, hatuchimbi kaburi."

"Nyumba tulijenga pamoja, Laban."

"Hati ina jina la nani?"

Bi Jokha alimwekea chai, akakaa karibu naye. "Sisi kwa sharia, mume akifa kaacha watoto, mke hupata thumni, fungu moja katika manane. Mie nimeshona nguo miaka thelathini, nyumba ikaandikwa jina la mume. Nikapewa thumni yangu, nikanyamaza. Kwenu mkoje, mwanangu?"

"Wakili amenieleza kwa simu, Bi Jokha. Kwetu kwanza mke anatengewa alichochangia. Kinachobaki ndicho cha marehemu, nacho kinaenda kwa mjane na watoto. Lakini Laban hana haja na sheria. Ameshika kaburi."

Kwao, kuzikwa ugenini ni kama kutupwa. Emmaculate alikuwa tayari kutia sahihi. Kalamu aliishika. Ndipo binti yake Pauline, wa miaka kumi na mmoja, alipopiga simu.

"Mama, baba mkubwa alikuja na fundi. Wamepima milango. Amemwambia nyanya atafute pa kwenda."

Emmaculate aliiweka kalamu chini. Alilia hadi Bi Jokha akamshika kichwa kama mtoto mchanga, na alipomaliza kulia alisema, "Azikwe hapa."

Wanaume watano wa Kandara waliomba ruhusa kazini wakabeba jeneza hadi makaburi ya wageni wasio Waislamu. Hapakuwa na mchungaji. Mmoja wao alianzisha wimbo, wengine wakasahau ubeti wa pili. Kesho yake Emmaculate alikuwa Malaz. Madam alimfungulia mlango akamwambia, "Yalla, haraka, wageni wanakuja."

Kesi ya nyumba, aliyoifungua kupitia wakili, ilichukua mwaka mzima. Mahakama ilisema nusu ya nyumba ni ya Emmaculate kwa mchango wake, na katika nusu ya marehemu mjane ataishi maisha yake yote, kisha iwe ya watoto. Laban hakusema naye tena.

Emmaculate alirudi Rongo mwaka 2018. Wiki ya kwanza mama mkwe alikuja, amechoka kwa safari, akaketi kwenye kiti karibu na mlango. Hakuangalia kuta wala dari.

"Mwanangu ulimwacha na nani kule?" aliuliza.

"Peke yake, mama," Emmaculate alisema.

Mama mkwe aliinamisha kichwa. Chai ilipoletwa, hakuna aliyeinywa.