Ignace Bellerose Juu ya Rundo

Saa nne kasoro dakika tano asubuhi, Ghislaine Lafrenière alivua buti zake za theluji, akaziacha kwenye mkeka wa mpira mlangoni, akavaa viatu vya ofisini na kwenda kuwasha kipimio, programu inayochunguza kompyuta inatumia muda wake kwenye kazi gani. Nje, huko Kanata, magharibi mwa Ottawa, baridi ilikuwa digrii ishirini na sita chini ya sifuri.

Kipimio kilianza kazi saa nne kamili. Dakika mbili baadaye Ignace Bellerose aliingia, akapangusa theluji mabegani, akaketi kwenye kiti chake cha zamani kando ya dirisha. Alikuwa amezikwa Desemba, na nusu ya ofisi ilihudhuria.

"Mzee, umefuata kahawa ya bure tena?" Tomasz aliuliza kutoka meza ya pili, bila kuondoa macho kwenye kompyuta yake.

"Kahawa yenu ni maji ya kuoshea vyombo. Hebu nipe hiyo krimu."

Tomasz akampa.

Ofisi hiyo ilitengeneza mashine pepe, yaani kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Humo ndani kazi hufanywa na nyuzi, na kila uzi hubeba rundo lake la kurasa. Kazi ikianza, ukurasa wake huwekwa juu ya rundo; ikiisha, huondolewa. Ukurasa wa juu kabisa ndio unaosema uzi unafanya nini sasa hivi. Kipimio kilizisimamisha nyuzi mara mia kwa sekunde, kikasoma jina lililo juu, kikaliandika, kikaziachia. Aliyekiandika kipimio hicho ni Ghislaine mwenyewe.

Mwezi Oktoba mfumo wa kupokea simu za magari ya wagonjwa katika mji mmoja wa kaskazini, uliotumia mashine yao pepe, uliganda kwa dakika nne. Mwanamke mmoja alifia sakafuni jikoni kwake, mumewe akiwa bado ameshikilia simu. Kipimio kilipoulizwa nyuzi zilikuwa zikifanya nini wakati ule, kilijibu jina moja tu: Panga-Bellerose. Hicho kilikuwa kipande cha msimbo kilichopanga simu kwenye foleni. Ignace alikuwa amekipa jina lake kwa sababu majina mengine mazuri yalikuwa yameshachukuliwa. Murdoch Kilbride, mkuu wa idara, alisaini barua ya kumfukuza kazi baada ya miaka ishirini na miwili. Wiki sita baadaye moyo wa Ignace ulisimama akiwa anakoroga supu ya njegere.

Tangu hapo, kwa masharti ya mteja, rekodi ya siku ile ya Oktoba ilirudiwa kila asubuhi na kupimwa upya, kuanzia saa nne hadi saa tano.

"Ignace," Ghislaine alimwuliza siku moja, "kwani huko uliko hakuna kupumzika?"

"Kupo. Lakini ikifika saa nne mnaanza kuniita. Bellerose, Bellerose, Bellerose, mara mia kwa sekunde. Wewe ungelala?"

"Si ndiwe uliyekuwa juu ya rundo?"

"Mlinikuta mlangoni tu, binti. Kuna mwingine alikuwa anatoka."

Ghislaine alirudi mezani. Alijua anachoambiwa. Kipimio chake hakikuusimamisha uzi palepale ulipo. Kiliuomba usimame, nao uliendelea mpaka ukafika mahali panaporuhusiwa kusimama. Aliyekutwa hapo ndiye aliyeandikwa, hata kama dakika nne zote ziliishia kwa mwingine.

Alianza kuandika kipimio kipya, cha kuukamata uzi palepale ulipo, kazi iliyomchukua majuma matatu. Ilikuwa ngumu, kwa sababu uzi ukikamatwa ghafla huenda ukurasa wa juu haujakaa sawa, nusu umewekwa, nusu bado, na ukiusoma vibaya mashine nzima huanguka. Ilianguka mara nyingi. Ignace alivuta kiti karibu yake.

"Usianze na rundo. Rundo hudanganya wakati linapangwa," alisema. "Angalia kwanza uzi umekanyaga wapi, ndipo uhesabu kurasa."

Alhamisi ya kwanza ya Machi Ghislaine aliwasha kipimio kipya. Jina lililotokea juu lilikuwa Nakili-Haraka, mara tisini na saba katika kila mia. Ndani ya kipande hicho hapakuwa na mahali popote pa kusimama. Mwandishi wake alipaondoa ili kiende mbio. Mwandishi alikuwa Murdoch Kilbride. Ghislaine alipogeuka, kiti cha pembeni kilikuwa kitupu, na kahawa ilikuwa bado inatoa mvuke.

Aliyachapa matokeo, akampelekea Murdoch karatasi. Murdoch aliisoma mara tatu, akavua miwani.

"Umefanya kazi safi, Ghislaine."

"Basi ile barua ya Ignace tuifute, bosi."

"Kesi ya Oktoba imefungwa. Mawakili wakiiona karatasi hii wataifungua, na hapa tuko watu arobaini wenye watoto. Nakili-Haraka nitaitengeneza mwenyewe. Kipimio kibaki kile kile cha zamani."

"Na yeye?"

Murdoch alitazama kile kiti cha dirishani.

"Anamsumbua nani? Hata hachelewi."

Jioni hiyo Ghislaine alitafuta namba ya simu ya mume wa yule mwanamke aliyefia jikoni. Aliipata, akaiandika kwenye kiganja, akakaa nayo ndani ya gari mpaka vioo vikaganda. Hakupiga. Ijumaa saa nne aliwasha kipimio cha zamani, na saa nne na dakika mbili Ignace aliingia, akapangusa mabega. Alimtazama Ghislaine, Ghislaine akainamisha macho.

"Haya," Ignace alisema, akaketi.

Wiki iliyofuata ofisi ya utawala ilimtengenezea Ignace kadi ya mlangoni, kwa kuwa sheria za moto zinataka kila aliyemo ndani ahesabiwe.

Katikati ya mwezi, Odile, mjane wa Ignace, alifika mapokezi na mfuko wa karatasi. Ghislaine alishuka kumpokea.

"Mnamtoa na baridi yote hii mikono mitupu," Odile alisema. "Nimemfumia glavu. Za dukani hazimtoshi, ana vidole virefu."

"Nitampa, mama."

"Na ile barua?"

"Iko vilevile."

Odile alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa basi limeshapita, akafunga vifungo vya koti, akatoka.

Ghislaine alipanda na mfuko. Ignace alizivaa glavu, akakunjua vidole kimoja kimoja.

"Zimenitosha," alisema.

Alikaa nazo mpaka saa tano.