Mkufunzi wa Bosi

Mbwa wa fundi cherehani aliitwa Bosi, na ubosi aliujulia kwelikweli. Mteja akiingia, alimnusa na kumwacha. Lakini mteja huyohuyo akinyanyua mikono apimwe kifua, Bosi alimrukia. Wiki hiyo alichana shati la mwalimu mkuu, mwenyewe akiwa bado ndani ya shati.

Kaka yake fundi hakutaka kusikia la mtu. Nyumba waliachiwa wote wawili na marehemu baba yao, ila kaka aliitawala peke yake.

"Jumamosi daktari wa mifugo anakuja na sindano ya kumlaza moja kwa moja," alisema. "Nimeshaongea naye. Mbwa huyu basi."

"Mbwa ni wangu, kaka. Anahitaji mkufunzi, si sindano."

"Mkufunzi wa mbwa? Watu watatucheka."

"Wacha wacheke."

Kaka akakubali shingo upande, kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayemtafuta mkufunzi. Akamleta askari mstaafu, Afande, mwenye mnyororo wa kukaba shingo na maneno mengi. Afande akavuta, akafoka, akanyanyua mkono. Bosi alijibwaga chini, akajikojolea, akabaki hivyohivyo.

"Umeona?" kaka alisema. "Kimya."

Fundi alikuwa ameyameza mengi ya kaka yake, lakini hili lilimshinda. Alipiga magoti, akaufungua mnyororo na kumrudishia Afande.

"Asante kwa kuja. Huyu hajatulia, ameogopa. Mimi sitaki mbwa anayeishi kwa hofu."

"Basi Jumamosi iko palepale," kaka alisema, akamsindikiza mgeni wake.

Kesho yake fundi alifunga chumba cha kazi mchana kweupe, nguo za watu zikiwa nusunusu mezani, akampeleka Bosi kwa mkufunzi mwingine, mwanamke aliyesifiwa na mteja wake mmoja. Huyu hata hakumgusa mbwa. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akauliza maswali kama wifi anayemchunguza mchumba wa kaka yake.

"Anaruka wakati gani hasa?"

"Ninapopima. Mteja akinyanyua mikono."

"Mikono ikiwa chini?"

"Hana neno na mtu."

"Nyumbani kwenu nani humnyanyulia mkono?"

Fundi alimsimulia ukweli. Kila asubuhi, tangu Bosi akiwa mtoto, kaka alimfukuza barazani kwa kandambili iliyoinuliwa juu, na nyumba nzima ikacheka. Yeye mwenyewe alicheka. Aliona aibu, na aibu ile ikamtia ujasiri.

"Mbwa nitamfundisha, taratibu," mkufunzi alisema. "Lakini anayemtisha asipofundishwa naye, tutatwanga maji kwenye kinu."

Jumamosi daktari alifika na mkoba wake. Fundi alisimama mlangoni, Bosi nyuma yake, wala hakusogea.

"Samahani kwa usumbufu, daktari. Hapa hakuna wa kudungwa."

"Mpishe mgeni," kaka alisema.

"Simpishi. Bosi ameshaanza mafunzo, mimi nimeshaanza, na wewe unaanza leo. Mkufunzi amekuita kwa sababu ya kandambili yako. Nyumba hii ni yangu kama ilivyo yako, kaka. Kama lazima mmoja atoke, atatoka asiyefundishika."

Kaka alimgeukia daktari amsaidie. Daktari alikuwa ameshapanda pikipiki yake.